Kemia Ianzie Jikoni



Kuna usemi ulioota mizizi hapa shuleni, ati kemia ni ya wenye vichwa vikubwa. Mwanafunzi mgeni hajaonja hata kipindi kimoja, tayari ametiwa hofu. Mimi nakataa katakata! Naamini hofu hiyo huzuka kwa kuwa tunakutana na alama ubaoni kabla hatujaona kitu kikibadilika mbele ya macho yetu. Samaki mkunje angali mbichi. Kemia ianzie jikoni, mtoto angali na miaka saba au minane.

Hebu tazameni. Magadi ambayo mama hutia katika githeri ili ilainike upesi hutoka Ziwa Magadi, kule Kajiado. Tia kijiko kimoja katika gilasi, kisha ukamulie ndimu. Litafoka povu! Hiyo ni hewa ya kaboni dayoksaidi, maana asidi ya ndimu imekutana na magadi. Washa njiti ya kiberiti uishushe taratibu ndani ya gilasi, nayo itazimika kama iliyopulizwa. Mtoto akiona hayo atauliza, "Kwa nini?" Sayansi huanzia hapo.

Na doa la manjano katika shati jeupe je? Ukilipaka sabuni ya kipande linageuka jekundu, watu wakasema nguo imerogwa. La hasha! Sabuni ni besi, na manjano hugeuka rangi yakikutana na besi. Kamulia ndimu, umanjano utarudi. Kazi ni ileile ya karatasi za litmasi za maabara, ila hapa hatununui kitu.

Wapo watakaosema kwamba huko ni kuharibu chakula. Ndimu moja na kijiko cha magadi ni pesa ngapi, jamani? Wengine watasema ni hatari. Hao nakubaliana nao nusu. Mtu mzima awepo. Chupa isifungwe kizibo, kwani hewa inaweza kuipasua. Tena ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo isichanganywe kamwe na ndimu wala siki, kwa maana hutoa gesi ya sumu. Lakini dawa hiyo iko nyumbani tayari. Je, si afadhali mtoto aelezwe kuliko kufichwa?

Ombi langu kwa walimu na wanachama wenzangu ni hili: Chama cha Kiswahili kishikane mikono na Chama cha Sayansi. Jumamosi moja kila muhula twende shule ya msingi jirani, tukiwa na magadi, ndimu na lugha ambayo watoto wanaielewa. Watakaokuja kuyakalia madawati yetu kesho hawatatetemeka wakiona chupa ya asidi, kwani watakuwa wameizoea tangu utotoni.

Nani yuko tayari? Mimi ndimu ninazo.