Sputnik Monroe na viti vya Memphis



Jumamosi moja ya mwezi uliopita wandugu watano wa darasa la nne waliruka lupango usiku wakaenda mjini kuangalia kechi. Walirudi saa nne, tukawashika mlangoni mwa dortwari, viatu mkononi. Sisi makapita tulifanya kazi yetu. Tuliandika majina, na juma zima walikata majani nyuma ya jiko. Siku ya Mungu mhubiri alisema kechi ni mchezo wa uongo na wa dawa, na mtoto wa Mungu hana kitu cha kutafuta kule. Juu ya kuruka lupango hatuna neno la kuongeza: waliruka, wakalipa.

Lakini tulipokuwa tunasimamia kazi ile ya majani, mmoja wao alisimama, akapangusa jasho, akatuuliza: "Ba kapita, kule kwenye kechi mutu analipa, kiisha anaikala fasi anapenda. Juu ya nini hapa kwetu haiko vile?"

Tulimwambia anyamaze akate majani. Ni jibu la kapita ambaye hana jibu.

Kila mtu hapa anajua alichotaka kusema. Jumamosi jioni, kukiwa na kwaya au sinema katika sale, mabanki ya mbele ni ya darasa la sita, yale ya katikati ni ya wanafunzi wa interna, na wanafunzi wanaotoka nyumbani wanasimama nyuma na kwenye madirisha, hata kama banki la mbele lina watu wawili tu. Majina tunayasoma sisi mlangoni. Desturi hiyo hatukuianzisha, tuliikuta. Lakini tunaishika sana, na tukisema kweli, inatupendeza.

Ndugu yule wa darasa la nne hakujua kwamba maneno yake yanagusa habari ya mpiga kechi mmoja wa Marekani, ambaye leo watu wachache sana wanamkumbuka. Kwetu wazee wanamtaja Kelekele Lituka wa miaka ya 1970, na vijana wanamtaja Edingwe na dawa zake. Huyu wa Marekani hakuna anayemtaja. Alipigana juu ya viti, sawasawa na vile tunavyosema hapa, viti vya kuikalia. Tunaomba mtusikilize mpaka mwisho, kiisha mtubishie.

Alizaliwa tarehe 18 Desemba 1928 katika mji wa Dodge City, jimbo la Kansas. Baba yake alikufa katika ajali ya ndege mbele mtoto hajazaliwa. Mama aliolewa tena, mtoto akachukua jina la baba wa kambo, Brumbaugh. Alitumika katika jeshi la maji. Kiisha akaingia katika yale maonyesho yanayozunguka toka mji mpaka mji na mahema yao, ambako kazi yake ilikuwa kupigana na kijana yeyote wa kijiji aliyejiona ana nguvu. Ni shule ngumu. Kule alijifunza kupigana kweli, na alijifunza pia jambo la pili, kuwakasirisha watu mpaka wanatoa pesa mfukoni ili wamwone akipigwa.

Hapa inafaa tueleze namna kechi ya kulipwa inavyokwenda, maana wengine wanafikiri ni vita. Katika kechi kuna mtu mwema na kuna mtu mbaya. Mshindi anajulikana mbele ya kengele. Mtu mbaya anatukana watu, anapiga mwenzake akiwa amegeuka, anajisifu kama Goliati, na watu wanajaa uwanjani juu ya kumchukia. Huyu wetu alikuwa mtu mbaya kwa kazi, na alikuwa hodari. Alikuwa na kishungi cha nywele nyeupe mbele ya kichwa kilichokuwa cheusi, akatembea kifua mbele kama jogoo wa chifu.

Jina la Sputnik alilipata kwa matusi. Mwaka 1957, alikuwa anaendesha gari safari ndefu kwenda Mobile, katika jimbo la Alabama. Usingizi ulimzidi. Njiani akamkuta kijana mweusi anayeomba nafasi, akampandisha ili amsaidie kuendesha. Walipofika, aliingia mbele ya watu akiwa ameweka mkono begani mwa kijana yule. Weupe wakaanza kupiga kelele. Alipoona wanakasirika, akambusu kijana shavuni. Mama mmoja mzee akamtukana sana, mpaka wakamwambia akiendelea watamtoa nje. Mama akatafuta tusi jingine, akamwita Sputnik. Wakati ule Warusi walikuwa wamerusha mwezi wao wa chuma, tarehe 4 Oktoba 1957, na kwa mama yule hakukuwa kitu kibaya kuliko cha Warusi. Mpiga kechi akalichukua tusi akalifanya jina, akawa Sputnik Monroe mpaka kufa.

Kiisha akaja Memphis, katika Tennessee.

Memphis ya miaka ile ilikuwa imekatwa mara mbili. Shule za weupe na shule za weusi. Katika bustani ya wanyama watu weusi walikuwa na siku yao, Alhamisi, siku zingine wasikanyage. Hatuhitaji kusafiri mpaka Marekani kuelewa hayo. Babu zetu walikaa katika cité, na mji wa wazungu ulikuwa ng'ambo, mpaka 1960. Katika Ellis Auditorium, jumba kubwa ambako kechi ilichezwa Jumatatu usiku, mtu mweusi alilipa tikiti yake, kiisha akapanda mpaka balkoni ya juu kabisa, fasi ambako wapigana wanaonekana wadogo kama panzi. Viti vile vilikuwa vichache. Vikijaa, mlango unafungwa kwa weusi, hata kama chini viti vya weupe ni vitupu.

Monroe alianza kwa kwenda Beale Street, barabara ya weusi, barabara ya muziki. Aliingia katika baa zao, akanywa nao, akagawa tikiti. (Tunajua, pombe. Tumeandika kwamba hakuwa shemasi.) Polisi walimshika mara nyingi kwa makosa yasiyo na kichwa wala miguu, maana hakukuwa sheria inayomkataza mzungu kucheka na mweusi, basi wakamwandikia kosa la kuzurura. Mahakamani alisimama na wakili mweusi, Russell Sugarmon, kijana aliyesoma sheria Harvard. Alilipa faini ndogo, akarudi Beale Street. Kwa mji ule, kuona mzungu anatetewa na mweusi mbele ya jaji, hilo peke yake lilikuwa kosa la pili.

Watu weusi wakampenda. Walikuja Jumatatu kwa wingi, balkoni ikajaa, wengine wakabaki nje na pesa yao mkononi. Sasa akafanya hila: alimpa pesa yule aliyehesabu weusi mlangoni, ili awapelekee wakubwa hesabu ndogo kuliko ile ya kweli. Wakubwa walifikiri wameingia wachache, kumbe wamekuwa wengi mpaka hawana fasi ya kusimama. (Hapa kapita anatakiwa kukohoa. Ni rushwa, hatuwezi kuiita jina lingine.) Kiisha akawaendea wakubwa wa kechi akawaambia: mtaacha watu hawa waikale fasi yoyote wanayoitaka, au mimi sipigani. Wakubwa waliangalia jumba, wakaangalia pesa. Wakafungua viti vya chini.

Hakukuwa na askari, hakukuwa na amri ya gavana. Weusi walishuka toka balkoni wakaikala kando ya weupe, na mchezo ukaendelea. Mwezi wa Agosti 1959 alipigana na Billy Wicks, mtu mwema wa Memphis, katika uwanja wa Russwood Park, na mwamuzi alikuwa Rocky Marciano, bingwa wa ngumi aliyemaliza kazi yake bila kushindwa mara moja. Walikuja watu zaidi ya elfu 13. Marciano anajulikana dunia nzima. Wa Monroe tunaandika sisi hapa, na wengi wenu mnalisikia jina leo mara ya kwanza.

Tumesoma habari hii pamoja na wenzetu wa darasa, na ubishi ulikuwa mkali. Wa kwanza walisema: alifanya juu ya pesa, maana mpiga kechi analipwa kwa kadiri ya watu walioingia. Ni kweli, balkoni iliyojaa ilikuwa posho lake. Lakini tunauliza: wapiga kechi wengine wa Memphis hawakupenda pesa? Walipenda. Waliona viti vitupu chini na watu weusi nje kama alivyoona yeye. Na hawakupitisha usiku katika chumba cha polisi. Mtu anaweza kutafuta faida yake na bado akachagua njia ambayo wengine wanaikwepa. Sisi tunamhesabia.

Wa pili walisema neno lililotuingia zaidi: mbona mnatuletea tena mzungu anayewaokoa weusi? Hawa wana haki, na tungeandika vibaya kama tungeacha hapa. Wale waliolipa tikiti na kujaza balkoni walikuwa watu weusi wa Memphis. Bila wao tisho lake lingekuwa kelele ya mlevi. Sugarmon mwaka ule wa 1959 alisimama katika uchaguzi wa mji akashindwa, kiisha baadaye akaingia bunge la Tennessee, na mwishoni akawa jaji. Na Machi 1960 wanafunzi wa koleji mbili za Memphis, LeMoyne na Owen, waliingia katika maktaba ya weupe, wakaikala, wakakamatwa. Wandugu, koleji hizo zote mbili zilianzishwa na Waprotestanti, na wale walikuwa vijana wa miaka yetu. Hawakuwa na jumba linalopoteza pesa wakikataa kuingia. Walikuwa na miili yao tu na vitabu. Tukiulizwa nani alikuwa shujaa mkubwa, tutawataja wale wanafunzi mbele ya Monroe. Wala viti havikumaliza mambo ya mji ule: tarehe 4 Aprili 1968, mchungaji Martin Luther King aliuawa kule kule Memphis, alipokuja kusaidia wafanyakazi wa kuondoa takataka.

Basi kwa nini tumemchagua Monroe? Kwa sababu ya mhubiri wetu, ambaye tunamheshimu. Memphis ilikuwa na makanisa mengi, na Jumapili weupe na weusi walimsifu Mungu mmoja kila mtu katika jumba lake. Katika waraka wa Yakobo, sura ya pili, mtume anasema juu ya viti, kabisa kabisa juu ya viti: tajiri mwenye pete anapewa fasi nzuri, na maskini anaambiwa asimame kule. Sura hiyo ilisomwa katika makanisa yale. Na aliyeifanya iwe kitu cha kuonekana, Jumatatu usiku, alikuwa mlevi wa kechi ambaye labda hakuifungua. Jambo hili linatusumbua. Hatusemi mwende kwenye kechi. Tunasema mhubiri aliposema hakuna kitu cha kutafuta kule, tulikubali upesi, juu hakugusa mabanki yetu.

Maisha yake ya baadaye tutayasema kwa haraka. Kufika miaka ya 1970 alipigana upande mmoja na kijana mweusi, Norvell Austin, naye na kishungi cheupe cha nywele kama chake, mbele ya watu wa Kusini ambao hawakuzoea kuona mchanganyiko ule katika kamba. Alizeeka kama wapiga kechi wanavyozeeka, mwili wote umevunjika-vunjika. Alikufa Florida tarehe 3 Novemba 2006, na miaka 77. Vitu vyake vya kupigania viliwekwa Memphis katika jumba la makumbusho la muziki, si la michezo. Ni haki pengine, kwani Beale Street ndiyo iliyomfanya.

Sasa turudi kwa sale yetu. Wanafunzi wanaotoka nyumbani wanachelewa juu wanachota maji, wanapika, wanabeba wadogo zao, kiisha wanatembea kilomita tano. Wanafika wamechoka kuliko sisi wa interna, nasi tunawasimamisha. Tumewauliza wenzetu wa darasa la sita sababu, na sababu tuliyopewa ni moja: "sisi pia tulisimama." Hata katika kechi sababu kama hiyo wangeizomea.

Tumezungumza na mwalimu wa zamu, hakukataa. Jumamosi ijayo kwaya ya wamama itaimba katika sale saa kumi na mbili. Hatutasoma majina mlangoni. Anayefika kwanza ataikala anapotaka, na sisi makapita tutasimama kwenye madirisha, upande ule wa mvua. Ndugu yule wa darasa la nne tumemwalika aje mapema.

Wenye kupinga waandike. Karatasi zifike kwa mwenye kupiga mashini mbele ya Alhamisi, mstari usizidi sitini, na jina liandikwe chini.