Antena Kwanza, Bando Baadaye

Siku hizi mtu anayetaka kutazama televisheni ya hapa nchini ana njia mbili kubwa. Njia ya kwanza ni antena. Unaisimika juu ya mti mrefu, unaiunganisha na king'amuzi, na picha zinakuja hewani kutoka kwenye mnara. Njia ya pili ni intaneti. Unanunua bando, unafungua simu janja, na picha zinaonekana kwenye kioo cha simu. Vijana wengi husema kwamba antena imepitwa na wakati. Mimi sikubali. Kwa nyumba ya mkulima wa Bahi, Chamwino au Kongwa, nasema antena ije kwanza.

Tuanze na fedha. Chukua kalamu tupige hesabu pamoja. Picha ya kawaida, isiyo safi sana, hula kama nusu GB kwa saa moja. Picha safi hula zaidi ya hapo. Tuseme nyumba yako inatazama saa 2 kila jioni. Hiyo ni GB 1 kwa siku. Kwa siku 30 ni GB 30. Sasa nenda kwa wakala wa simu ukaulize bei ya GB 30. Kisha nenda dukani ukaulize bei ya antena na king'amuzi. Zigeuze bei hizo mbili ziwe madebe ya alizeti, utaelewa upesi. King'amuzi unakinunua mara moja. Bando la mwezi huu mwezi ujao halipo.

Wengine watasema kwamba king'amuzi nacho kina malipo ya mwezi. Ni kweli, ukitaka vituo vya mpira na sinema. Lakini viko vituo vya bure, kama vile TBC1, ITV na Channel Ten. Kwa utaratibu wa Mamlaka ya Mawasiliano, yaani TCRA, ving'amuzi vya antena vinatakiwa kuonyesha vituo vya bure vya kitaifa hata kama hukulipia kifurushi. Muuzaji hatakuambia hivyo kwa hiari. Muulize wewe.

Jambo la pili ni kubwa kuliko fedha. Nani anatazama? Simu ni ya mtu mmoja. Katika nyumba nyingi simu janja ni ya baba, nayo inakaa mfukoni mwake. Baba akienda kilabuni, habari zimekwenda naye. Lakini televisheni yenye antena inakaa ndani ya nyumba. Bibi anaona, mama anaona, watoto wanaona. Antena haihesabu watu.

Kwetu huku jambo hili si mchezo. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja tu, kati ya Novemba na Aprili, na mara nyingi hazifiki milimita 600 kwa mwaka. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza utabiri wa msimu kabla mvua hazijaanza. Mama ndiye mara nyingi anayechagua mbegu ya mtama na uwele. Je, yafaa yeye asubiri kusimuliwa? (Redio nayo ni nzuri kwa kazi hii. Sisemi uitupe.)

Lakini antena nayo ina matata yake. Mawimbi ya televisheni husafiri kwa mstari ulionyooka. Penye uwanda yanafika vizuri. Penye mlima yanazuiliwa. Mtu wa tambarare za Bahi asijilinganishe na mtu aliye nyuma ya milima ya Mpwapwa au Kondoa. Zamani picha ikiwa dhaifu ulipata chenga, lakini uliona kitu. Matangazo ya zamani ya analojia yalizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Dodoma ikafuata mwaka 2013. Tangu hapo ni picha safi, au picha inaganda, au giza tupu.

Kwa hiyo usinunue kabla ya kutazama mapaa ya majirani. Je, wana antena? Zimeelekea wapi? Ukiona madishi matupu, jua kwamba huenda mawimbi ya mnara hayafiki hapo. Angalia pia boksi la king'amuzi. Kuna king'amuzi cha antena, na kuna king'amuzi cha dishi. Kwa macho vinafanana, na kampuni moja inaweza kuuza vyote viwili. Ukichukua kisicho chako, umenunua pambo la mezani.

Intaneti nayo nitaipa haki yake. Simu hutumia umeme kidogo, hata sola ndogo inatosha kuichaji. Tena unatazama saa unayotaka. Antena inakupa tu kile ambacho kituo kimeamua kuonyesha. Mwaka 2016 TBC iliacha kuonyesha moja kwa moja vikao vyote vya Bunge, nasi tunaokaa karibu na Bunge lenyewe tukakosa kama watu wa mbali. Siku ambayo mbunge wako anazungumza juu ya maji ya kijiji chako, nunua bando utazame. Hiyo ni fedha iliyotumika vizuri. Lakini mtandao uwe na nguvu. Vijijini mara nyingi simu inaita vizuri, lakini picha inabaki kuzunguka tu mpaka bando linaisha.

Na kama kijiji chenu hakipati mawimbi ya antena kabisa, lisemeni jambo hilo katika mkutano wa kijiji. Tumezoea kuomba mnara wa simu. Wa televisheni hatuuombi, kana kwamba habari ni za watu wa mjini. Liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, kisha diwani aende nalo wilayani.