Si Kila Karatasi Iliyokwama Imerogwa

Mwandishi mmoja ametuhubiria kwamba printa ikisumbua mara kwa mara, kompyuta ina virusi, basi ifutwe na kupigwa Windows upya. Sisi watu wa Tanga tumezoea kusingiziwa uchawi. Sasa hata printa zetu zimerogwa?

Aje kwenye steshenari za Ngamiani, hapa Tanga, wakati wa masika. Hewa ya bahari ina unyevu. Rimu ikiachwa wazi hunyonya maji, karatasi hugandana na kuingia mbili mbili. Mgonjwa hapo ni karatasi. Ihifadhi rimu kwenye kasha lenye mfuniko, safisha roli za mpira kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Kazi ya kuchapa ikikwama kwenye foleni, ifute, kisha zima na kuwasha upya printa na kompyuta.

Namkubalia moja: virusi vipo, na hata mfumo wa uchapaji huwa na mianya ya kupenyea. Mwaka 2021 Microsoft ilitoa masasisho ya dharura kuziba tundu la usalama lililoitwa PrintNightmare, ndani ya programu ya Windows inayosimamia uchapaji. Lakini dawa ilikuwa kusasisha, si kufuta.

Tena virusi vina dalili zake: mafaili ya flashi kugeuka njia za mkato, matangazo kujifungua yenyewe, kinga kujizima. Ukiziona, chomoa intaneti, kagua kompyuta nzima kwa Microsoft Defender, na flashi pia.

Kufuta kompyuta kabla ya kugusa karatasi ni kuchoma nyumba kwa kumsaka kunguni. Fundi, anza na rimu.