Shamba na Chandarua

Toleo hili tumelielekeza bonde la Kilombero, kuanzia Sanje chini ya milima ya Udzungwa, kupita Mang'ula na Ifakara, hadi Mbingu na Mngeta. Mtetezi wa kilimo hai kwa kawaida hukimbilia ubora wa chakula au bei ya soko la Ulaya. Ni hoja za kweli, lakini kwa mkulima wa mpunga wa Kilombero ipo nyingine iliyo karibu naye zaidi, nayo imo chumbani anakolala.

Mbu wa malaria aina ya Anopheles arabiensis huzaliana vizuri kwenye majaluba. Dawa nyingi za wadudu zinazopulizwa kwenye mpunga na bustani za mboga ni za jamii ya pairethroidi, na ndiyo jamii ya sumu inayowekwa kwenye vyandarua tunavyogawiwa. Dawa ikichuruzika majini, viluwiluwi dhaifu hufa, wale wanaoihimili hubaki, na hao ndio wanaozaa kizazi kinachofuata. Kikifika usiku kwenye chandarua, sumu ile si ngeni kwake tena. Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanza katika miaka ya 1950 kama maabara ndogo ya Waswisi, imeshapima usugu huo kwa mbu wa bonde hili. Mwaka 2020 watafiti wake walichapisha utafiti uliofanywa Kilombero na Ulanga kuhusu dawa ambazo wakulima hununua na namna wanavyozitumia, wakasisitiza kwamba kilimo na afya ya jamii vipangwe pamoja. Kweli, vyandarua vyenyewe navyo huchangia usugu. Lakini chandarua hatuwezi kukiacha. Bomba la dawa tunaweza kulipunguza, na mashamba mengine yanaweza kuliacha kabisa.

Kisha kuna maji. Maporomoko ya Sanje hushuka mita zipatazo 170 kutoka kwenye msitu unaolindwa na Hifadhi ya Taifa ya Udzungwa tangu mwaka 1992. Maji hayo hutoka mlimani yakiwa safi, yakaingia katika nchi ya miwa na mpunga, huko yakapokea viuagugu na mbolea ya chumvichumvi. Safari ya maji ya bonde hili ni ndefu: Mto Kilombero, ardhi oevu iliyoorodheshwa na Mkataba wa Ramsar mwaka 2002, hatimaye Rufiji. Njiani wapo wanaovua kambale na perege, na wapo wanaochota ndoo za kupikia. Hapa niwaonye na wenzetu wa kilimo hai. Utupa wanaoutumia kuulia wadudu ni mmea wa asili, lakini huua samaki, na wavuvi haramu wanalijua hilo. Mkulima anayemwaga maji ya utupa mferejini hajawa rafiki wa mto kwa sababu tu hakununua chupa dukani.

Je, mavuno? Tafiti zilizokusanya takwimu za nchi nyingi zinaonyesha kwamba, kwa wastani, kilimo hai huvuna pungufu kwa takriban sehemu moja ya tano. Mkulima mwenye ekari mbili na karo za watoto hawezi kudharau pengo hilo, nasi hatulifichi. Sri Lanka ilipopiga marufuku mbolea za viwandani kwa ghafla mwaka 2021, mavuno ya mpunga yalianguka na serikali ikarudi nyuma kabla mwaka haujaisha. Udongo uliozoeshwa chumvi hauponi kwa amri ya waziri. Unataka misimu kadhaa, samadi ya kutosha na mtu wa kumfundisha mkulima. Majaribio ya muda mrefu ya Chuka na Thika nchini Kenya, yaliyoanza mwaka 2007, yameonyesha upande wa pili: mahindi ya kilimo hai yaliyopewa mboji ya kutosha yalifikia yale ya kemikali, na baada ya miaka michache faida ikawa kubwa zaidi.

Katika mpunga tunacho cha kuanzia. Kilimo shadidi, kilichozaliwa Madagaska, wakulima wengi wa huku wamekwisha kufundishwa. Wengi walifundishwa pamoja na mbolea ya dukani, lakini nguvu ya shadidi imo katika mche mchanga, nafasi pana na jaluba linalojazwa maji na kukaushwa kwa zamu, na hayo hayauzwi kwenye kiroba. Kipalizi cha kusukuma hurudisha magugu udongoni yakawa mbolea. Gharama yake ni jasho, na palizi huangukia zaidi mgongo wa mwanamke. Anayehubiri kilimo hai bila kumpunguzia mama kazi hiyo hajamaliza mahubiri yake. Nje ya mpunga nako kuna njia ya soko: huko Mbingu, kampuni ya Kokoa Kamili tangu mwaka 2013 inanunua kakao mbichi ya wakulima wadogo, inaichachusha na kuikausha kwa ajili ya watengenezaji wa chokoleti wa nje. Na samadi? Wakulima na wafugaji wa bonde hili wamegombana miaka mingi, ilhali samadi ni bidhaa ambayo wangeweza kuuziana kwa faida ya wote wawili.

Ombi letu linahusu majirani wawili. Kituo cha utafiti wa mpunga cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) na Taasisi ya Afya vyote viko Ifakara. Kimoja huhesabu magunia, kingine huhesabu mbu. Watenge majaluba yanayolimwa kwa mboji na shadidi, na mengine ya jirani yanayopulizwa dawa kama kawaida, wayafuate misimu mitano mfululizo, wapime mavuno, maji na usugu wa mbu kwa pamoja, kisha matokeo yasomwe kwa Kiswahili katika mikutano ya vijiji kabla hayajapelekwa kwingine.