KITI CHA WAHANDISI SI PAMBO

Kila chama cha wahandisi kinapokaribia uchaguzi wake, majina huanza kutajwa. Fulani anautaka urais, fulani anautaka ujumbe wa halmashauri. Karatasi za kujieleza husambazwa: picha ya mgombea aliyevaa tai, shahada zake zimepangwa kwa safu, madaraja na mitambo aliyoisimamia imetajwa mmoja mmoja. Ni haki yake kujivunia kazi ya mikono yake. Lakini jambo moja halionekani katika karatasi hizo, nalo ndilo tulitakalo: akisha kuketi katika kiti hicho, atamtumikia nani?

Wafanyakazi wengi hudhani uchaguzi wa namna hii hauwahusu. Kura hawana, na mikutano yenyewe hufanywa katika kumbi wasizoingia ila kwa kufagia. Hata hivyo mwashi apandaye jukwaa, kijana achocheaye moto wa boila kiwandani na mama auzaye vitenge chini ya ghorofa wote wanaishi kwa kanuni ambazo hawakuziandika. Kanuni hizo huandikwa na wahandisi, katika kamati za wahandisi.

Tutoe mfano wa Marekani, kwa kuwa huko mambo haya yalifika mahakamani na kila kitu kikaanikwa juani. Tarehe 20 Machi 1905, katika mji wa Brockton, jimbo la Massachusetts, boila la kiwanda cha viatu cha Grover lilipasuka. Jengo lilianguka na kuwaka moto, na watu 58 wakapoteza maisha. Mwaka 1907 jimbo hilo likatunga sheria ya maboila. Kisha chama cha wahandisi wa mitambo, ASME, kilichoasisiwa mwaka 1880, kikaandika kanuni zake zenyewe, na toleo la kwanza likawa la mwaka 1914. Jimbo baada ya jimbo likazipokea na kuzipa nguvu ya sheria. Hivyo watu ambao wananchi hawakuwapigia kura hata moja wakawa ni watunga sheria, na kwa hakika kazi yao iliokoa roho za wafanyakazi wengi.

Sasa tazama jinsi silaha njema iwezavyo kugeuzwa. Kanuni hizo zilitaka kila boila la mvuke lijiwashalo lenyewe liwe na kifaa cha kuzima moto maji yanaposhuka mno. Biashara ya vifaa hivyo ilikuwa mikononi mwa kampuni ya McDonnell & Miller. Ikatokea kampuni ndogo, Hydrolevel, ikiwa na kifaa kipya ambacho kilingoja kidogo kabla ya kuzima moto, kisije kikadanganywa na maji yanayocheza-cheza ndani ya boila. Mapema mwaka 1971 kampuni hiyo ndogo ikapata mteja mkubwa kutoka kwa ile kubwa.

Afisa mmoja wa McDonnell & Miller alikuwa makamu mwenyekiti wa kamati ndogo ya ASME iliyoshughulikia sehemu hiyo ya kanuni. Mwenyekiti wake alikuwa afisa wa kampuni ya bima ya maboila. Wakakutana na wakubwa wa kampuni ile, wakaitunga barua ya kuiuliza ASME kama kifaa chenye kungoja kinaruhusiwa. Barua ilipofika makao makuu, ilipelekwa kwa nani ajibu? Kwa mwenyekiti yule yule aliyesaidia kuiandika! Jibu likatoka kwenye karatasi yenye jina la chama, likimfanya msomaji aone kuwa kifaa cha namna hiyo ni cha mashaka. Wauzaji wa kampuni kubwa wakalitembeza kwa wateja, wakisema mali ya Hydrolevel imevunja kanuni za usalama.

Hydrolevel ilidhoofika, lakini ilishitaki. Tarehe 17 Mei 1982 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa majaji 6 dhidi ya 3, iliamua kwamba ASME yenyewe inawajibika. Chama kilijitetea kuwa hakikutafuta faida na hakikuyajua yaliyotendwa. Mahakama haikukubali: chama ndicho kilichowapa watu hao jina lake na mamlaka yake, basi hakina budi kuubeba mzigo. Kesi hiyo ilikigharimu mamilioni ya dola, fedha za chama cha maelfu ya wahandisi ambao hawakuijua hata hiyo barua.

Hapo ndipo tuonapo uzito wa halmashauri. Wanachama huichagua, nayo ndiyo husimamia namna kamati zinavyoundwa na kuangaliwa. Hatusemi mhandisi mwenye mwajiri asigombee. Nani basi angebaki? Twasema mwajiri wake ajulikane, na siku jambo la mwajiri huyo linapoletwa mezani, mjumbe atoke nje ya mlango.

Na wale wahandisi waaminifu, wanaoshinda juani kwenye miradi, kwa nini hawagombei? Husema majina huwa yamekwisha pangwa na wazee. Pengine ni kweli. Lakini katika IEEE, chama kikubwa cha wahandisi wa umeme, mtu asiyependekezwa na wakuu aweza kukusanya saini za wanachama wenzake na jina lake likaingia katika karatasi ya kura. Mwaka 1972 wanachama wa chama hicho waliibadili katiba yao ili kiweze kushughulikia pia hali ya kazi ya mhandisi. Katika miaka hiyo ya 1970 mhandisi Irwin Feerst aligombea urais kwa njia ya saini zaidi ya mara moja, akiwasemea wahandisi wa mshahara. Hakushinda, ila kila mara wanachama waliletewa hoja ambazo orodha ya wakuu isingewaletea.

Hapa Tanzania usajili wa wahandisi umekuwa na sheria tangu mwaka 1968, nayo ikatungwa upya mwaka 1997. Wajumbe wa Bodi ya Usajili huteuliwa. Viongozi wa Taasisi ya Wahandisi huchaguliwa na wahandisi wenyewe. Dar es Salaam imezika watu 36 wa jengo lililoanguka tarehe 29 Machi 2013, na wengine zaidi ya 20 wa jengo la Kariakoo lililoanguka tarehe 16 Novemba 2024. Hatumtwiki mtu yeyote lawama hapa. Lakini baada ya makaburi hayo, mgombea anayetuletea picha na shahada tu ametuletea kidogo mno.

Basi twataka fomu ya kugombea iwe na sehemu ya lazima: mwajiri wa mgombea, makampuni ambayo ana hisa ndani yake, kamati anazoketi, na atafanya nini mhandisi kijana atakapoonewa na tajiri wake kwa kukataa kutia saini ramani mbovu. Majibu yabandikwe mahali pa wazi kabla ya siku ya kura. Nao wafanyakazi wa miradi wamwulize mhandisi wao, kwa adabu, kama amekwenda kupiga kura na amemchagua kwa sababu gani.