Geji ya Turbo Si Urembo

Likizo iliyopita nilifika nyumbani Kagoma nikakuta mjomba anatafuta mteja wa ng'ombe wawili. Forester yake ya turbo ilikuwa haipandi milima tena. Ukitoka Bukoba, ukishapita Muhutwe, gari inahema, inatoa moshi mweusi, na mafuta inakunywa kama haina akili. Fundi mmoja alishatoa hukumu: turbo imekufa, tafuta nyingine.

Mimi si fundi. Nasoma ualimu wa Fizikia na Hisabati. Ila nilikuwa na geji ya turbo niliyonunua kwa hela ya bumu, semista nzima imekaa kwenye boksi (gari sina, msinicheke). Nikamwambia, "Mjomba, tuifunge hii kwanza kabla ng'ombe hawajaondoka."

Kazi ilikula asubuhi moja. Unaacha injini ipoe. Unatafuta mpira mwembamba unaotoka kwenye manifodi ya kuingizia hewa, unaukata na kupachika kiungo chenye umbo la T, halafu mpira wa geji unaupenyeza kwenye tundu lenye raba, lile nyaya zinapopitia kuingia ndani ya gari. Usikunjike, usiguse palipo moto. Za umeme tulimwachia fundi umeme wa jirani, maana mtu akiunga nyaya kwa kubahatisha bila fyuzi anaweza kuunguza gari.

Tukaibana kwenye nguzo ya kioo cha mbele upande wa dereva, chini kidogo ili isizibe barabara. Na hapa ndipo ninapogombana na wanangu wa maegesho ya chuo. Kuna jamaa ana geji tatu, zote zimemwelekea abiria. Nikamuuliza ile ya katikati inasoma nini. Akajibu, "Hiyo inawaka tu usiku." Haina hata mpira! Hela ya geji anayo, ya mpira hana. Geji ambayo dereva haioni ni bora angenunua saa ya ukutani, angalau ingemwahisha kipindi cha saa moja.

Turudi mlimani. Mjomba anaendesha, mimi nasoma. Injini ikiunguruma bila kukanyagwa mshale unakaa chini ya sifuri, ndivyo inavyotakiwa. Akikanyaga, unapanda juu ya sifuri. Wetu ulifika 0.3 bar ukagoma hapo hapo, wakati gari ya aina ile ikiwa nzima huvuka hata mara mbili ya hiyo.

Geji haikutuambia ubovu uko wapi. Turbo iliyokufa kweli nayo ingeonyesha presha ndogo vilevile. Lakini kukagua mipira ni bure, na turbo ni ng'ombe wawili, kwa hiyo tukaanza na mipira. Ule mnene unaoingia kwenye intakula ulikuwa umechomoka nusu, kibanio kimelegea. Hewa nyingi iliyosukumwa na turbo ilikuwa inaishia nje. Bisibisi, dakika kumi, tukarudi mlimani. Mshale ukapanda, na moshi haukuonekana tena.

Kinachoniuma kama mwalimu mtarajiwa ni kwamba kanieneo tulifundishwa kwa kukariri fomula, mshale hatukuonyeshwa. Bukoba iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar. Hata hivyo, ukizima injini, geji ya namna hii inasoma sifuri huku na kule, kwa sababu inapima tofauti na hewa iliyoizunguka. Mwanafunzi akiuliza "kwa nini isipungue, mwalimu?" kipindi kimeshanoga, na chaki sijagusa.

Nilipanga kwenda nayo TP. Ng'ombe bado wako zizini, ila mjomba amegoma kuirudisha, anasema ameshaizoea. Itabidi ninunue nyingine, na bumu bado halijatoka.