Droni ya Kutafutia Mazalia ya Mbu

Mwaka 2016 Zanzibar ilipoanza kuchorewa ramani kwa droni, zilitumika zile zenye mabawa. Kwa visiwa vizima uchaguzi ulikuwa sahihi, kwani hufunika eneo kubwa kwa betri moja. Afisa wa malaria katika bonde la mpunga ana haja nyingine: dimbwi analolitafuta huenda halizidi ukubwa wa mkeka. Yamfaa droni ndogo ya rafadha nne, irukayo chini na kupaa hata uani mwa zahanati, ijapokuwa betri yake hudumu takriban nusu saa tu. Wauzaji husifu kamera. Betri za akiba hazitajwi. Viluwiluwi hugeuka mbu katika wiki moja au mbili, na ramani inayomsubiri mtaalamu kutoka mjini itakuta wamekwisha kuruka.